Viwanja vya ndege: mitambo mikongwe ibadilishwe kabla ya kuta mpya kujengwa

Katika soko la zabuni za umma hakuna kazi inayogombewa kama jengo jipya, na hakuna inayokwepwa kama kubadilisha mitambo iliyomo ndani ya jengo la zamani. Jengo jipya lina jiwe la msingi, lina utepe wa kukata na lina picha ya ukurasa wa mbele. Mtambo unaoongoza viyoyozi, feni, taa, vitambuzi vya moshi na jenereta umefichwa juu ya dari au katika chumba cha chini ambacho wakubwa hukifikia kwa nadra. Hakuna mgeni rasmi anayealikwa kuuzindua.

Matokeo yake ni kwamba viwanja vya ndege vya Afrika Mashariki vimekuwa vikipanuka kwa nje huku ndani vikizeeka. Gharama ya uzee huo hailipwi na msafiri peke yake. Inalipwa na mlipa kodi, na msafirishaji wa maua na samaki, na pia mkulima wa korosho wa Chilangala ambaye pengine hajawahi kukanyaga ngazi ya ndege. Wakati umefika kwa wenye mamlaka kugeuza utaratibu: mitambo kwanza, kuta baadaye.

UBONGO WA JENGO

Jengo kubwa la abiria linafanya kazi kama mwili. Lina vihisi vinavyopima joto, unyevu, moshi na mgandamizo wa hewa. Lina vidhibiti vinavyopokea vipimo hivyo na kuamua la kufanya. Na lina viungo vinavyotekeleza: valvu za maji ya baridi, vilango vya hewa, feni, pampu, swichi za taa, lifti na milango ya dharura. Vyote hivi vikielewana, ukumbi unapoa abiria wanapojaa na feni zinapungua mwendo ndege ya mwisho inapoondoka. Moto ukizuka, mtambo huohuo ndio unaozima feni zinazoingiza hewa, kufungua njia za kutoa moshi, kuzuia lifti zisishuke kwenye ghorofa inayoungua na kuwasha taa za njia ya kutokea.

Katika majengo ya miaka ya 1960 na 1970 amri hizi zilipitishwa kwa hewa iliyobanwa katika mirija membamba. Miaka ya 1980 vikaingia vidhibiti vya elektroniki, lakini kila mtengenezaji alikuwa na lugha yake ya siri. Kidhibiti cha kampuni moja hakikuweza kuzungumza na pampu ya kampuni nyingine, na aliyefunga mtambo ndiye peke yake aliyebaki na ufunguo. Mwaka 1995 chama cha wahandisi wa joto na viyoyozi cha Marekani, ASHRAE, kilitoa kanuni ya lugha ya pamoja iitwayo BACnet. Mwaka 2003 kanuni hiyo ikakubaliwa na shirika la viwango la kimataifa, ISO. Tangu hapo mnunuzi ana uwezo wa kudai mtambo unaoelewana na wa kampuni yoyote. Majengo yaliyofungwa mitambo kabla ya hapo hayana bahati hiyo mpaka yabadilishwe.

Mtambo wa namna hii hauzeeki kwa kishindo. Kwanza kihisi kimoja kinaanza kusema uongo, kinasoma nyuzi 24 wakati ukumbi una nyuzi 29. Kisha kipuri kinakosekana kwa sababu mtengenezaji ameacha kukitoa. Fundi aliyejua kuupanga mtambo anastaafu na maarifa yake anaondoka nayo. Kinachofuata kinajulikana na kila fundi umeme: swichi inawekwa kwenye mkono ili kazi iendelee, na haikumbukwi tena kurudishwa kwenye otomatiki. Feni inazunguka usiku kucha katika ukumbi mtupu. Upande mmoja abiria wanatokwa jasho, upande mwingine wahudumu wanavaa makoti. Bili ya umeme inapanda na hakuna anayeweza kueleza kwa nini.

Wakazi wa uwanda wa Makonde hawahitaji somo refu juu ya jambo hili. Maji ya Newala na Tandahimba hupandishwa kwa pampu kutoka chanzo cha Mitema kilicho bondeni, na pampu ikisimama ndoo inapanda bei siku hiyohiyo. Mabomba yakiwa mazima na tangi likiwa jipya, lakini kinachosukuma na kinachoongoza kikiwa kimechoka, mwananchi hapati maji. Ndivyo ilivyo kwa uwanja wa ndege.

DAR ES SALAAM: JENGO LA MWAKA 1984

Jengo la pili la abiria katika Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere lilifunguliwa mwaka 1984, likiwa limesanifiwa na Mfaransa Paul Andreu, mtu aliyesanifu pia jengo la kwanza la uwanja wa Charles de Gaulle mjini Paris. Kwa zaidi ya miaka 30 jengo hilo lilibeba safari za kimataifa za jiji la Dar es Salaam. Mwezi Agosti 2019 lilizinduliwa jengo la tatu, lililojengwa na kampuni ya Kiholanzi ya BAM, lenye uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Safari za kimataifa zikahamia huko.

Uamuzi wa kujenga jengo la tatu ulikuwa wa lazima, kwa sababu la pili lilikuwa limezidiwa. Lakini jengo la pili halikubomolewa, wala biashara yake haikuisha. Safari za ndani zinazounganisha Dar es Salaam na mikoa zimeendelea kulihitaji, na mfanyabiashara wa Masasi au Newala anayeruka kutoka Mtwara anaonja huduma ya jengo la umri huo kabla ya kuiona ile ya jipya. Jengo lenye miaka 40 linaweza kuwa na kuta imara kwa miaka 40 mingine. Vidhibiti vya elektroniki havina umri huo. Wahandisi wengi huvihesabia miaka 15 hadi 20, na baada ya hapo kila mwaka wa nyongeza ni wa kubahatisha.

Lipo pia suala la gesi ya kupoozea. Mashine za baridi za miaka ya 1980 zilitumia gesi zinazoharibu tabaka la ozoni, ambazo Mkataba wa Montreal uliziondoa sokoni katika nchi zinazoendelea ilipofika mwaka 2010. Gesi iliyochukua nafasi yake katika mashine nyingi, R-22, nayo inaondolewa, na mwaka 2030 ndio mwisho wa kuiingiza kwa matumizi ya kawaida katika nchi hizo. Mwenye jengo lolote kubwa ambaye mashine zake bado zinatumia R-22 analazimika kuzibadilisha au kununua gesi ambayo bei yake itazidi kupanda kadiri inavyoadimika. Hilo ni deni lenye tarehe ya kulipwa, na deni la namna hiyo hupangiwa fedha mapema.

NAIROBI: SOMO LILILOLIPIWA

Mfano ulio wazi zaidi uko kwa jirani. Jengo la abiria la uwanja wa Jomo Kenyatta mjini Nairobi lilifunguliwa mwaka 1978 kwa makadirio ya abiria milioni 2.5 kwa mwaka. Ilipofika mwaka 2013 lilikuwa likipitisha takriban abiria milioni 6. Alfajiri ya tarehe 7 Agosti 2013 moto ulizuka katika sehemu ya kupokelea abiria wa kimataifa. Magari ya zimamoto yalichelewa na hayakutosha, na ukumbi ukateketea. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyekufa. Uchunguzi uliowahusisha wataalamu wa Kenya na wa Marekani ulihitimisha kwamba chanzo kilikuwa hitilafu ya umeme.

Uwanja ulifungwa kwa saa kadhaa, na safari za kimataifa zilianza kurejea siku iliyofuata. Kwa msafiri hiyo ni adha. Kwa mkulima wa maua wa Naivasha, na hata wa Arusha ambaye hupeleka mzigo wake Nairobi kwa barabara, hiyo ni hasara. Waridi lililokatwa halingoji uchunguzi.

Moto huo ulikuwa umetoa nafasi ya kuangalia mifumo ya jengo zima. Badala yake mwaka 2014 ulizinduliwa kwa shamrashamra mradi wa jengo jipya la Greenfield, la kuhudumia abiria milioni 20 kwa mwaka. Mwaka 2016 mradi huo ulifutwa bila jengo kusimama. Majengo ya zamani yakaendelea kubeba mzigo.

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima. Katika sehemu ya majengo ya uwanja huo jenereta ya akiba haikuwaka ilivyopaswa, na abiria wakakaa gizani. Waziri aliomba radhi hadharani na mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege akaondolewa kazini katika siku chache. Kumwondoa mkurugenzi ni rahisi kuliko kuondoa swichi iliyochoka, lakini jenereta haiwaki kwa hofu ya kufukuzwa. Inawaka ikiwa imejaribiwa kila mwezi ikiwa na mzigo kamili, na kama kifaa kinachohamisha umeme kutoka gridi kwenda jenereta ni kizima.

Mwaka 2024 likaja pendekezo la kuukabidhi uwanja kwa kampuni ya Adani ya India kwa miaka 30, kwa uwekezaji uliotajwa kuwa dola bilioni 1.85. Wafanyakazi waligoma mwezi Septemba mwaka huo. Tarehe 21 Novemba 2024 Rais William Ruto akatangaza kufuta mpango huo. Mengi yalisemwa kuhusu uzalendo na kuhusu rushwa. Lililosemwa kwa sauti ndogo ni hili: nchi iliyoacha mitambo yake ichakae hufika mezani ikiwa na udhaifu. Mwekezaji anakuja na orodha ya paa zinazovuja na viyoyozi vilivyokufa, kisha anaomba miaka 30 kama malipo ya kuvitengeneza. Anayetunza mali yake hujadiliana kwa masharti yake mwenyewe.

HATA WAKUBWA HUNASWA

Isidhaniwe kwamba hili ni tatizo la nchi maskini tu. Tarehe 11 Aprili 1996 mafundi wa kuchomelea vyuma walisababisha moto katika uwanja wa Düsseldorf, Ujerumani, uliochukua maisha ya watu 17. Moshi ulisambaa kwa kasi juu ya dari, na baadhi ya waliokufa walikuwa ndani ya lifti zilizowafikisha moja kwa moja kwenye moshi. Lifti inayoongozwa vizuri isingefunguka pale.

Mjini Berlin uwanja mpya ulitangazwa kufunguliwa tarehe 3 Juni 2012. Wiki chache kabla ya siku hiyo ufunguzi uliahirishwa, sababu kuu ikiwa mfumo wa kudhibiti moto na kutoa moshi ambao haukukubali kufanya kazi. Uwanja ulifunguliwa tarehe 31 Oktoba 2020, miaka 8 baadaye. Kuta zilikuwepo, marumaru zilikuwepo, njia za ndege zilikuwepo. Kilichokosekana ni ubongo.

Na tarehe 21 Machi 2025 uwanja wa Heathrow wa London ulifungwa karibu siku nzima baada ya kituo kimoja cha umeme cha jirani kuungua, na safari zaidi ya 1,000 zikavurugika. Umeme wa njia nyingine ulikuwepo. Kazi iliyochukua saa nyingi ni kuuhamisha mzigo na kuwasha upya mamia ya mifumo ya jengo kwa utaratibu ulio salama.

HESABU YA DUKANI

Wafanyabiashara hupenda kuona hesabu. Feni na pampu zina tabia moja ambayo wengi hawaijui: nguvu inayotumika haipungui sawa na mwendo, bali inapungua kwa mchemraba wake. Feni ikipunguzwa hadi asilimia 80 ya mwendo wake, umeme unaotumika unashuka hadi karibu asilimia 51.

Ichukuliwe kwa mfano feni moja yenye mota ya kilowati 30 inayofanya kazi saa 18 kwa siku. Kwa mwaka itatumia uniti 197,100. Ikifungwa kifaa cha kurekebisha mwendo na ikaendeshwa kwa asilimia 80, itatumia uniti zipatazo 101,000. Iliyookolewa ni uniti 96,000. Kwa bei ya kukisia ya shilingi 300 kwa uniti, hiyo ni karibu shilingi milioni 29 kwa feni moja kwa mwaka. Uwanja wenye feni 10 za namna hiyo unaokoa milioni 290. Hata hesabu hiyo ikikatwa nusu, kwa kuwa yapo masaa ya joto kali ambapo feni lazima iende kasi na kifaa chenyewe kinakula umeme kidogo, bado inabaki milioni 145 kila mwaka. Pampu, mashine za baridi na taa bado hazijaguswa.

Fedha hizo zina mwenyewe. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania inaangalia viwanja zaidi ya 50, na vingi miongoni mwa vidogo havijitoshelezi kwa mapato. Kiwanja chenye ndege nyingi ndicho kinachovibeba vyenye ndege chache. Kila shilingi inayopotea kupoza ukumbi mtupu Dar es Salaam ni shilingi ambayo haikufika Mtwara, Masasi, Newala wala Nachingwea. Mtwara imepata njia ya kurukia iliyorefushwa hadi mita 2,800, jambo la kupongezwa. Lakini njia hiyo nayo inahitaji taa, zimamoto na umeme wa akiba kila siku, na vitu hivyo vinaishi kwa fedha ya matengenezo, haviishi kwa hotuba.

Upo pia upande wa gesi. Tangu mwaka 2015 gesi ya Mnazi Bay mkoani Mtwara inasafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam na kugeuzwa umeme. Watu wa kusini waliambiwa kuwa utajiri huo utaendesha viwanda. Ukiishia kuendesha feni ambayo swichi yake imesahauliwa kwenye mkono, lawama si ya bomba.

FUNZO LA VIWANDA VYA KOROSHO

Hata hivyo, kubadilisha mitambo kwa pupa ni hatari sawa na kutoibadilisha. Kusini wanalo kumbukumbu la jambo hilo, limesimama Newala, Masasi, Mtwara, Lindi, Mtama na Nachingwea. Viwanda vikubwa vya kubangua korosho vilijengwa kwa mikopo, Benki ya Dunia ikiwemo, kwa mitambo kutoka Italia na Japan. Mpango ulibuniwa wakati zao likipanda. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani zipatazo 145,000. Mitambo ilipokamilika zao lilikuwa limeporomoka, kwa sababu ya kuhamishwa vijiji, bei mbaya na ugonjwa wa ubwiriunga. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000.

Lakini uhaba wa korosho ulikuwa nusu tu ya maradhi. Nusu ya pili ni kwamba mitambo ilitegemea vipuri vya ng'ambo, kutoka kwa watengenezaji walewale, kwa fedha za kigeni ambazo hazikuwepo. Mashine moja ikikwama, mstari mzima ulilala. Viwanda kadhaa viliishia kuwa maghala, na korosho ikaendelea kusafirishwa ghafi. Jengo lilibaki, biashara ikaondoka.

Atakayenunua mtambo wa kuongoza jengo la uwanja wa ndege leo anaweza kurudia kosa hilohilo kwa vifaa vinavyong'aa zaidi. Bei ya kwanza inakuwa ya chini, kisha leseni ya programu inalipiwa kila mwaka, kidhibiti kinauzwa na kampuni moja tu, na neno la siri la kuingilia mtambo linashikwa na fundi aliyeko nchi nyingine. Zabuni iliyoandikwa vizuri inadai mambo manne. Mtambo utumie lugha ya wazi, kama BACnet. Michoro, programu na maneno yote ya siri yakabidhiwe kwa mwenye jengo siku ya makabidhiano. Vipuri vya akiba vihesabiwe ndani ya bei. Na mafundi wa nyumbani wafundishwe hadi waweze kuupanga mtambo upya bila msaada, wapewe mtihani, na malipo ya mwisho ya mkandarasi yangoje wafaulu.

KISINGIZIO CHA KIWANJA CHENYE SHUGHULI

Hoja inayotolewa mara nyingi dhidi ya kazi hii ni kwamba kiwanja chenye shughuli hakiwezi kufungwa. Ni kweli hakiwezi, na hakuna haja kifungwe. Kazi hufanywa usiku, kati ya ndege ya mwisho na ya kwanza, ukumbi mmoja baada ya mwingine. Mtambo mpya unafungwa pembeni ya wa zamani na vyote viwili vinafanya kazi pamoja kwa wiki kadhaa, mpya ukisoma vipimo bila kutoa amri. Ukiridhisha, sehemu hiyo inahamishwa. Ukishindwa, ya zamani bado ipo. Vitambuzi vya moshi na taa za dharura vinatangulia, kwa kuwa vinahusu roho za watu. Viyoyozi vinafuata. Taa za matangazo na mapambo zinakuja mwisho.

Kazi ya namna hiyo ni ya polepole na inaudhi. Dari zinafunguliwa, nyaya zisizo na alama zinafuatwa moja moja, na kila mara kinapatikana kitu ambacho hakimo kwenye mchoro. Ndiyo maana inataka mkataba wenye muda wa kutosha na mhandisi mshauri asiyekuwa na hisa katika kampuni inayouza vifaa. Wanaotaka imalizike kabla ya sherehe fulani wakumbuke Berlin.

Hoja ya pili ni ukosefu wa fedha. Hapa soko la mitaji lina la kusema. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 na wawekezaji wakaichukua yote. Mwishoni mwa mwaka huohuo benki ya CRDB ilifungua hatifungani ya miundombinu kwa ajili ya makandarasi wa barabara za TARURA, ikilenga shilingi bilioni 150, na ikakusanya zaidi ya maradufu. Fedha za wananchi zipo, na zinatafuta mahali penye mapato yanayoonekana. Bili ya umeme iliyopungua ni mapato yanayoonekana kuliko mengi, kwa sababu mita haina siasa.

Uwanja wa ndege ukitoa hatifungani ya namna hiyo, riba ikilipwa kutokana na akiba ya umeme iliyopimwa na mkaguzi wa nje, mwekezaji mdogo wa Masasi mwenye shilingi laki tano atakuwa na sababu ya kuiangalia. Lakini ipo tahadhari. Akiba ni lazima ipimwe kabla na baada. Uwanja usiojua leo unatumia uniti ngapi katika ukumbi upi hautaweza kuthibitisha kesho kwamba umeokoa chochote, na hatifungani itakayouzwa juu ya akiba ya kukisia itakuwa imeuza upepo.

YA KUANGALIA SOKONI

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni ya gharama ndogo: ukaguzi wa mitambo ya majengo yote makubwa ya abiria, na matokeo yake yatangazwe. Umri wa kila kidhibiti, aina ya gesi katika kila mashine ya baridi, tarehe ya mwisho jenereta kujaribiwa ikiwa na mzigo kamili, na idadi ya swichi zilizowekwa kwenye mkono. Hiyo ya mwisho ni kipimo kizuri kuliko ripoti ndefu. Jengo lenye swichi nyingi kwenye mkono ni jengo lisilo na ubongo, hata kama rangi yake ni ya jana.

Wafanyabiashara wa vifaa vya umeme, mafundi viyoyozi na makandarasi wadogo wajiandae. Kazi za namna hii zikigawanywa ukumbi kwa ukumbi zinaweza kufikiwa na kampuni za nyumbani, kwa sharti kwamba zina mafundi wenye vyeti na zimejisajili katika mfumo wa zabuni wa NeST. Zikifungashwa katika zabuni moja kubwa, zitachukuliwa na kampuni ya nje na wenyeji watabaki kubeba ngazi. Chama cha makandarasi kina sababu ya kulisemea hilo kabla zabuni hazijaandikwa.

Wawekezaji wadogo nao wawe na swali moja mkononi kila wanapoletewa mpango wa jengo jipya la umma, liwe la ndege, la mabasi au la soko: fedha ya matengenezo ya mitambo imewekwa wapi, na ni kiasi gani kwa mwaka? Mpango usio na jibu unauza kuta.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Viwanja vya ndege vya kanda hii vimekuwa vikijenga ukuta na kuuacha ufa pale pale. Nairobi ilionyesha mwaka 2013 na tena mwaka 2023 kwamba ufa haungoji bajeti. Dar es Salaam bado ina nafasi ya kuuziba kwa gharama ya kawaida, mchana, bila moshi na bila waziri kuomba radhi. Na Mtwara, ambayo vifaa vyake bado ni vipya, ina nafasi nzuri kuliko wote: kuanza kuvitunza kabla havijazeeka.